Mwenyekiti Alivyotupangia Italia

Niseme mapema ili asije mtu akanielewa vibaya: sikumpenda. Tulipakana ukuta kwenye korido moja ya Kariakoo, yeye akiuza mapazia, mimi nikiuza vitenge, miaka mingi kiasi kwamba kikohozi chake nilikijua kuliko cha mume wangu. Bado kila asubuhi nilipomwona anapanda ngazi na kile kikapu chake cha plastiki, nilimgeuzia mgongo. Watu wa korido walimwita Mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyeongoza umoja wetu wa wanawake wenye fremu za maduka, na hakuna aliyekumbuka uchaguzi ulifanyika lini. Nafikiri alijichagua mwenyewe, siku ambayo sisi wengine tulikuwa na wateja.

Machungwa ndiyo yaliyoanza kunitia kinyaa. Aliyala asubuhi mpaka jioni, ameegemea mlango, na mbegu alizitema chini kwenye vigae, pu, pu, kisha akazisukuma kwa ncha ya kandambili mpaka upande wangu. Nilipomlalamikia alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mbegu ya chungwa si uchafu, mwanangu. Ni mti huo."

"Mti gani utaota kwenye vigae, Mama?"

"Ndiyo maana nakusukumia wewe. Kwako kuna unyevu."

Na kweli kwangu kulikuwa na unyevu, kwa sababu maji ya beseni lake aliyamwaga nje ya mlango wangu.

Chakula cha mchana kilikuwa mtihani mwingine. Mama ntilie akileta sahani zetu, Mwenyekiti alizikagua zote kabla ya kushika yake. Aliingiza vidole kwenye pilau lako, akapekua, akaibuka na kipande cha nyama, akakitafuna huku anakutazama machoni, akasema, "Leo wameivisha." Ukinuna, alikurudishia kilichobaki mkononi. Jumamosi alienda mnadani Feri, na samaki wake aliwaweka kwenye kikapu kilekile chenye vipande vya vitambaa vya kuonyeshea wateja. Mteja akikunja pua aliambiwa hiyo ni harufu ya mzigo mpya, umeshuka melini jana. Wapo walioamini wakanunua.

Hata salamu aliiharibu. Kwa kawaida mdogo huamkia na mkubwa huitikia. Yeye aliitikia kabla hujaamkia. Unatokeza tu kwenye ngazi, hujafungua mdomo, unasikia kutoka katikati ya mapazia: "Marahaba!" Hapo huna ujanja, inabidi shikamoo yako iifuate ile marahaba kama mtoto aliyechelewa shule. Nimeona wanaume wazima wenye mvi, rika lake kabisa, wakimwamkia kwa kuchanganyikiwa. Lakini kulikuwa na mzee mmoja muuza kahawa, ambaye korido nzima ilimwita kwa mluzi. Huyo Mwenyekiti alimwamkia kwa kupiga goti, chini kabisa, hata siku ambayo chemba ilikuwa imefurika na maji machafu yametapakaa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Yule ni mkubwa kwangu," akaenda kusuuza gauni.

Msibani alikuwa wa kwanza kufika. Kabla hujajua nani amefariki, Mwenyekiti ameshaleta masufuria na mikeka na ameshapanga nani atapika wali na nani atakatakata vitunguu. Hilo ni jema, silikatai. Lakini nimemwona kwa macho yangu, nyumba moja Ilala, mfiwa bado analia, amesimama dirishani ameshika ncha ya pazia, analisugua kwa vidole, analigeuza aone pindo.

"Hili walikuuzia wapi, mwanangu?"

Yule mjane, machozi yanamtoka, akataja duka.

"Wamekupiga. Eda ikiisha njoo kwangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia dada wa Mwenyekiti, aliyekuwa ameketi karibu yangu, kwamba mdogo wake hana haya. Dada yake akanijibu polepole kwamba ni kweli. Kisha akanisimulia kuwa mke wa yule muuza kahawa alipofariki, baada ya ugonjwa mrefu uliomjaza vidonda, wanawake wa mtaa mzima walipata udhuru saa ya kumwosha. Mwenyekiti alikunja mikono ya gauni akamwosha, dada yake akimmiminia maji, wala hakufunga pua. Mchana alikuwa dukani anakula machungwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja. Nalieleza hapa kwa ajili ya haki tu, si kwamba lilinilainisha.

Alikuwa msafiri mkubwa na hakuwahi kuona kitu. Alishaenda Guangzhou, Dubai na Istanbul mara nyingi kuliko alivyoenda Bagamoyo. Ukimwuliza Istanbul kuna nini, alikueleza ghorofa gani ina lesi na ghorofa gani wanakata kitambaa pungufu. Ule msikiti mkubwa wenye sifa dunia nzima? "Nimeuona. Ulikuwa upande wa kushoto wa teksi." Na mtu yeyote aliyetoka safari, awe ametoka Mwanza au Makka, alipokewa na swali moja: "Umerudi na nini?" Mimi nilitoka hospitali kujifungua, akaja kunitazama, akafunua kanga bila kunawa mikono, akasema, "Haya, umerudi na nini?"

Sasa nimfikie huyo dada yake, maana bila yeye nisingesumbuka kuandika.

Mwenyekiti alimwita Dada. Mimi nilimwita Mama Mkubwa. Alikaa nyuma ya duka kwenye cherehani, chini ya taa ya balbu, anapinda mapindo ya mapazia ambayo mdogo wake aliyauza mbele. Yeye ndiye aliyebaki kulinda duka kila Mwenyekiti aliposafiri, na hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Mwaka mmoja akaanza kuingiza uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Alipopelekwa kwa daktari wa macho aliambiwa ana presha ya macho, ameshachelewa, kilichopotea hakirudi na kilichobaki kinaondoka. Alirudi akatuambia hivyo huku anakanyaga cherehani.

Pembeni yake ukutani palikuwa na kalenda ya zamani, ya wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini. Picha yake ilikuwa pango la bahari katika kisiwa cha Italia: kiboti kidogo ndani ya mwamba, na maji ya bluu yanayong'aa kutoka chini.

"Nataka nilione lile pango," alisema, "wakati bado naona."

Mwenyekiti alikuwa na pande la chungwa mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Tunaenda," akasema.

Siku hiyo, na siku hiyo tu, nilikaribia kumpenda.

Hiyo "tunaenda" ilinihusu na mimi, kwa sababu nasoma Kiingereza na ndiye niliyejua kutafuta hoteli na meli kwa simu. Sikukataa. Sikuwahi kwenda likizo maishani mwangu, na nilitaka kujua watu wanafanya nini huko. Tukawa tunakutana baada ya Alasiri kwenye fremu yake, tumekaa juu ya marobota ya vitambaa, mimi nimeshika simu. Nilikuwa nimepanga vizuri, nasema mwenyewe. Tungefikia Sorrento, mji mdogo juu ya bahari, kwa wiki moja. Siku ya kwanza yenye bahari tulivu tungevuka kwenda kisiwani Capri kuona pango. Baada ya hapo ndipo zifuate safari nyingine za kwenda na kurudi: Pompei, mji wa kale uliofukiwa na majivu ya mlima, kisha Positano na Amalfi kwa basi. Na siku moja nikaiacha ya kupumzika ufukweni.

"Kupumzika nayo ni shughuli?" Mwenyekiti aliuliza. "Nipande ndege nikapumzike? Kitanda ninacho Magomeni."

"Mama, hii ni likizo."

"Haya. Hiyo Positano kuna nini?"

"Nyumba zimepandana mlimani, za rangirangi. Watu wanaangalia."

"Wanaangalia halafu?"

"Wanapiga picha."

"Na Amalfi?"

"Kanisa. Na malimau makubwa sana."

"Ya jumla au rejareja?"

Hivyo ndivyo alivyoichambua pwani nzima. Nikimtajia mahali, yeye anauliza panauzwa nini. Siku ya kupumzika akaifuta. Napoli, ambayo kwangu ilikuwa ni mahali pa kushukia ndege, akaipa siku mbili, kwa sababu mtu wake mmoja wa Guangzhou alimwambia kuna maghala ya lesi karibu na stesheni. Na pango akalipeleka siku ya mwisho.

Nikamwonya. Nilimwonya mbele ya dada yake, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mama, mdomo wa lile pango ni mdogo. Bahari ikichafuka wanafunga. Tukiliweka mwisho halafu upepo ukavuma, tumelikosa."

"Wafunge kwa nini? Hawataki hela?"

"Si suala la hela. Ni mawimbi."

"We mtoto. Mtu anauza kitu, mteja amefika mlangoni kutoka Tanzania, hela mkononi, afunge?"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na ni kosa la mtu wa Kariakoo. Kwetu hakuna kitu kinachouzwa kikafungwa kweli. Ukikuta shata limeshushwa, unagonga. Usipofunguliwa unamwuliza jirani, jirani anapiga simu, mtu anatokea mlango wa nyuma na funguo. Maisha yake yote Mwenyekiti aligonga akafunguliwa. Hakuwa mjinga kwa kudhani Italia nzima ni hivyo. Lakini alikuwa na kiburi, na kiburi ndicho kilichomfanya amkatize dada yake.

"Tuanze nalo, mdogo wangu," Mama Mkubwa alisema kutoka kwenye cherehani.

"Dada, nimekuambia utaliona. Keki haikatwi mwanzo wa sherehe."

Mama Mkubwa akarudi kwenye pindo lake. Alikuwa ameinamisha uso mpaka karibu na sindano kiasi cha kutisha.

Tulisafiri na masanduku matatu makubwa yaliyo matupu, moja ndani ya jingine, na la nne lenye unga, dagaa na birika la umeme. Na sare. Mwenyekiti alitushonea madera matatu kwa mabaki ya kitambaa cha pazia, maua makubwa ya dhahabu na kijani, akasema tusije tukapoteana. Hatukuweza kupoteana hata tungetaka. Tulipita kwenye vile vichochoro vya Sorrento kama sebule inayotembea, na watu wakatupiga picha nyingi kuliko walivyoipiga bahari.

Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Kisiwa kilionekana pale mbele, na meli ndogo zinakwenda na kurudi bila hata kutikisika.

"Mama, leo," nikasema. "Tafadhali. Tubadilishe."

"Leo Napoli. Nimeshampigia mtu simu."

Tukapanda treni kwenda Napoli, na siku nzima tukashinda kwenye maghala, mle ndani kuna joto na harufu ya plastiki, Mwenyekiti anavuta lesi kwa meno aone kama inakatika, mate yake yanabaki kwenye kitambaa, mwenye ghala anatazama pembeni. Mama Mkubwa alikaa juu ya boksi. Kesho yake bahari ilikuwa tulivu vilevile, na tukarudi kulekule, kwa sababu mwenye ghala alikuwa hajashusha bei kama Mwenyekiti alivyotaka. Jioni alikaanga dagaa chumbani kwa birika, sijui alifanyaje, na mama mwenye hoteli akaja kugonga mlango ameshika pua. Mwenyekiti akamkaribisha. Nilijifunika shuka gubigubi kwa aibu.

Pompei ndiyo mahali pekee nilipomwona ametulia. Tulitembea kwenye zile barabara za mawe, na mimi nikimwonyesha Mama Mkubwa kuta zenye picha, Mwenyekiti akapotea. Tulimkuta amesimama kwenye nyumba moja ya kona iliyo wazi mbele, ina kaunta ya mawe yenye mashimo ya kuwekea mitungi. Amelaza viganja viwili juu ya ile kaunta.

"Hii ni fremu," akasema. "Fremu ya kona. Walikuwa na wateja hawa, angalia jiwe lilivyolika." Akafuta vumbi kwa kiganja. "Na siku ile walifungua kama kawaida."

Nikadhani ameguswa, na labda hatabaki vilevile. Dakika haikuisha akawa anawafokea watalii wasimzibie mlango.

Amalfi alitema mbegu za limau kwenye ngazi za kanisa. Ngazi hizo ni ndefu, watu wanapanda kwa heshima, wengine wanaomba. Mwenyekiti alikuwa ameuma limau zima, na maganda yake, kwa sababu hakuamini kwamba lile ni limau. Nilihama nikaenda kukaa na Mama Mkubwa chini kivulini. Alikuwa anatazama mlima kwa kukaza macho.

"Ule weupe kule juu," aliniuliza, "ni nyumba au ni mawe?"

Zilikuwa nyumba, kubwa, zina madirisha. Nikamwambia ni nyumba. Akaitikia kwa kichwa, akauliza siku ya mwisho ni lini. Nikamwambia ni kesho kutwa. Akasema, "Nitafika."

Upepo ulianza siku iliyofuata. Siku ya mwisho bahari ilikuwa imechafuka, maji ya kijivu yanapanda ukuta wa bandari. Meli ya kisiwani iliondoka hata hivyo, na tulirushwa njia nzima. Mwenyekiti alitapika kwenye mfuko uliokuwa na vipande vya lesi, akavitoa, akavikung'uta, akavirudisha. Kisha akatoa chungwa. Niseme nini tena?

Kwenye gati la kisiwa nilimwuliza mzee mmoja mwenye boti za kupeleka watu pangoni. Alitikisa kichwa. Leo pamefungwa. Nikatafsiri.

"Mwambie nalipa mara mbili," akasema Mwenyekiti.

Nikasema. Yule mzee akatabasamu, akaonyesha bahari.

"Mara tatu. Mwambie sisi tumetoka mbali."

"Mama, hakatai hela. Ni maji."

"Kila mtu na bei yake, wewe hujui kuitafuta. Hebu pisha." Akamsogelea yeye mwenyewe, akamwekea noti kiganjani, akamfunga vidole. Yule mzee akazirudisha kwa upole. Akaweka mkono wake mmoja juu ya mwingine akituonyesha: hivi ndivyo mdomo wa pango ulivyo, na hivi ndivyo wimbi linavyoujaza mpaka juu. Kisha akajigonga kichwani kwa ngumi. Hata ambaye hajui lugha alielewa.

Mwenyekiti akasimama na zile noti mkononi.

"Liko upande gani?" akauliza Mama Mkubwa.

Nikamshika mabega nikamgeuza kuelekea mwamba. Nikamwambia liko nyuma kule, halionekani kutoka hapa. Akabaki ameelekea huko, dera lake linapigwa na upepo, macho wazi kabisa, haoni pango wala mwamba wenyewe. Na nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua. Nilipogeuka, Mwenyekiti alikuwa kwenye meza ya muuza skafu, ameshika skafu kumi kwa mpigo, anapatana bei kwa vidole.

Nimeona mambo mengi ya kuchukiza kwa yule mwanamke, nimeyataja baadhi. Lile la skafu ndilo lililonimaliza. Nilimchukia kutoka rohoni, na nilimwambia hivyo kwenye meli tukirudi. Alikuwa amekumbatia mfuko wa skafu anatazama sakafu.

Masanduku yalirudi yamejaa. Korido nzima ikatuzunguka, na wajanja wakalirusha lile swali lake kwa dada yake: "Mama Mkubwa, umerudi na nini?"

"Upepo," akasema Mama Mkubwa, na watu wakacheka, wakadhani ni utani.

Sikukaa sana pale. Nilipata fremu upande wa kuelekea Mnazi Mmoja nikahama, na nikipishana na Mwenyekiti barabarani nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Habari zake zilinifikia. Lesi ya Napoli ilimtajirisha. Kila mwenye harusi mjini alitaka mapazia ya Mwenyekiti, naye akawa anakwenda Italia kama alivyokuwa akienda Dubai. Nikasikia pia kwamba Mama Mkubwa haoni kabisa. Kwa hiyo matakwa ya mmoja yamekuwa mtaji wa mwingine, nikawaza, na chakula kikanishinda siku hiyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Mama Mkubwa, kwa sababu yeye hakunikosea. Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kiti, anapinda pindo kwa kupapasa. Nikaamkia, akaitikia, akanitaja jina kabla sijajitaja. Ndani Mwenyekiti alikuwa anamkunjulia mteja kitambaa. Amezeeka. Hakunisemesha, nami sikumsemesha.

"Aliingia kule pangoni," Mama Mkubwa akaniambia. "Safari yake ya mwisho."

Nikamwinamia. "Alikwambia mwenyewe?"

"Nilimwuliza. Anasema hakuna kitu."

"Hakuna kitu!" Mwenyekiti akadakia kutoka ndani, bila kugeuka. "Shimo lina maji. Nimewalisha wenye boti hela bure."

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni mwongo, kwamba anataka kujisafisha, pakiwa pabaya basi hakumnyima mtu kitu. Mama Mkubwa akapapasa mpaka akanipata mkono.

"Wewe umekaa naye ukuta mmoja," akasema. "Kitu kikiwa kibovu, huyu ananyamaza? Mkate tu wa ile hoteli aliusema mwezi mzima. Pango lingekuwa bovu, asingemaliza kulisema hata Ramadhani. Lakini amesema hakuna kitu, basi, hajarudia. Limemkaa kooni." Akauweka chini ule mshono. "Mdogo wangu! Njoo."

"Nina mteja, Dada."

"Atasubiri. Njoo ukae hapa."

Sijawahi kumsikia akiamuru. Mwenyekiti akaja, akakaa juu ya robota, magoti yake yakigusana na ya dada yake. Mimi alinipita kwa macho kama nguzo.

"Niambie," akasema Mama Mkubwa. "Usipunguze."

"Dada, la nini sasa?"

"Niambie."

Mwenyekiti akajifuta mikono kwenye gauni. "Mnalala. Mdomo ni mdogo, mnalala chali kwenye kiboti, mwenye boti anavuta mnyororo, giza. Halafu..."

Akakwama. Huyu mtu anaweza kumweleza mteja pazia ambalo hana dukani mpaka mteja akaliona limetundikwa kwake. Sasa alikuwa anavuta uzi wa pindo la gauni lake.

"Halafu?"

"Halafu maji yanawaka, Dada. Kwa chini. Sijui niseme bluu, si bluu. Nilitia mkono, na mkono wenyewe ukawaka, huu hapa." Akauinua kumwonyesha, kisha akakumbuka, akaushusha. "Wale wenye boti wanaimba mle ndani. Nilimwambia anitoe. Hatujazunguka hata mara moja, nikamwambia anitoe."

Mteja ndani alikohoa, hakuna aliyemjali.

"Na mimi ningekaa wapi?" akauliza Mama Mkubwa.

"Mbele yangu. Ndivyo mnavyolala, mmoja mbele, kichwa kwenye mapaja ya mwenzake." Mwenyekiti akasogeza kilemba. "Waliniuliza kama niko peke yangu, wanipakie na watu. Nikakataa. Mbele yangu palikuwa wazi."

"Lete huo mkono," akasema Mama Mkubwa.

Akaupokea kwa mikono yake miwili, akaanza kuupapasa polepole, kidole kwa kidole, kiganja, nyuma ya kiganja. Mwenyekiti akauacha huko, ameinamisha kichwa mpaka kilemba kikamdondoka, wala hakukiokota.

Nikashuka ngazi bila kuaga. Nilikuja pale na chuki yangu kamili, na sikutaka kukaa mpaka wanimalizie yote.